Mpwa wangu aliuliza gia, mimi nikamuuliza mguu

Jumanne usiku mpwa wangu alinitumia picha tatu za baiskeli za barabarani, zote zilizokwisha kutumika, na ujumbe mmoja: "Shikamoo mjomba. Hela yangu inafika kwa zote tatu. Nichukue ipi? Ya kwanza ina 105."

Habari ya 105, yaani seti ya gia za kampuni ya Shimano, sikuigusa. Nilimwambia avue viatu, asimame ameegemea ukuta, abane kitabu kigumu katikati ya mapaja kama mtu anayekikalia, kisha amwite dada yake ampime kwa futi kamba kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu.

Akarudisha: "Mjomba, mimi nauliza baiskeli, wewe unataka kunishonea suruali?"

Namwelewa. Nilipoanza, macho yangu yalikwenda pale pale yanapokwenda yake: kwenye jina lililoandikwa juu ya krenki, ile mikono inayoshika pedali. Baiskeli yangu ya kwanza ya barabarani ilikuwa na seti nzima ya Shimano 105, rangi nyekundu iliyokolea, uma wa kaboni, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, na muuzaji aliyekuwa na haraka. Fremu saizi 56. Mguu wangu kwa ndani ni sentimita 80. Niliizungusha dakika tano kwenye maegesho, miguu ikafika kwenye pedali, nikahesabu hela.

Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Ulipofika mwezi, vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto vikaanza kufa ganzi kila nikipita nusu saa barabarani, na shingo ikikaza mpaka nageuza kiwiliwili kizima ili nione gari linalokuja nyuma. Fundi akanibadilishia stemu, kile kipande kinachoshika usukani na kuuunganisha na shingo ya baiskeli, kutoka milimita 110 hadi 70. Mikono ikapata nafuu, lakini usukani ukawa mwepesi mno. Nikinyoosha mkono kuchukua chupa ya maji, baiskeli inayumba. Nikasogeza kiti mbele ili nipunguze umbali. Goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, kwenye pia. Nilihangaika hivyo miezi saba, kisha nikaiuza. Ile 105 haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inahamisha cheni safi kabisa, ila kwenye fremu ya mtu mwingine.

Tangu hapo, nikisimama mbele ya baiskeli ya bei nafuu najiuliza jambo moja: ni kipi hapa kitakachokwisha nikibadilishe, na ni kipi nitakachokaa nacho? Cheni itakwisha. Kaseti, lile fungu la meno ya gia za nyuma, itakwisha, na matairi, raba za breki, waya na utepe wa usukani vitakwisha. Hata krenki siku moja zitapata zamu yake. Fremu haikui wala haipungui. Nafasi ya tairi kati ya miguu ya uma haiongezeki kwa kulipa. Kwa hiyo hela yangu huitanguliza kwa vitu visivyobadilika, na jina la gia nalitazama mwisho.

Kuhusu saizi, ile namba iliyobandikwa kwenye fremu usiitegemee peke yake. 54 ya kampuni moja inaweza kuwa fupi kuliko 52 ya kampuni nyingine, kwa sababu kila mmoja anapima bomba analolitaka. Tafuta jedwali la vipimo vya fremu husika, uangalie namba mbili: staki na richi. Staki ni kimo, kutoka katikati ya krenki, pale zinapozungukia kwenye fremu, kwenda juu wima hadi usawa wa ncha ya shingo ya fremu. Richi ni umbali wa mlalo kati ya sehemu hizo mbili. Hizo mbili hupimwa namna moja kila mahali, kwa milimita, kwa hiyo unaweza kulinganisha baiskeli yoyote na yoyote. Staki ikiwa kubwa, usukani unakuja juu na mgongo unapumzika. Richi ikiwa kubwa, unanyooka. Mtu anayeanza, au anayekaa kwenye kiti saa mbili tatu bila nia ya kushindana, mwili wake utaishukuru fremu yenye staki kubwa na richi ya wastani. Fremu ya aina hiyo huitwa ya safari ndefu, na haina upungufu wowote.

Kimo cha kiti ni hesabu nyingine rahisi. Zidisha urefu wa ndani wa mguu kwa 0.883, utapata umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti. Kanuni hiyo ilipata umaarufu kupitia Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kwangu inatoa sentimita 70.6. Ni mahali pa kuanzia tu: unene wa soli ya kiatu, urefu wa krenki na ugumu wa misuli yako ya nyuma ya paja vitakusogeza juu au chini kwa milimita kadhaa.

Sasa gia, maana najua ndizo zilizomleta mpwa wangu kwangu.

Kwa Shimano, ngazi za chini za baiskeli za barabarani zilizojaa sokoni ni Claris yenye gia 8 nyuma, Sora yenye 9 na Tiagra yenye 10. Juu yake ndiyo 105, ambayo kwa miaka ilivyokwenda imekuwa na 10, kisha 11, na sasa 12. Kampuni imeshaleta CUES kuchukua nafasi ya zile tatu za chini, lakini kwenye baiskeli zilizotumika utakutana na Claris na Sora kwa miaka mingi bado. Chini ya Claris ipo Tourney, na kwenye baadhi ya matoleo yake kuna kitufe cha kubonyeza kwa dole gumba juu ya mkono wa breki. Ukiwa umeshika usukani chini, kwenye mapindo, gumba halikifikii. Hilo kwangu ni tatizo la kweli, maana kwenye mteremko ndiko ninakotaka mikono itulie chini huku nikiendelea kubadili gia. Kuanzia Claris ya mwaka 2017 kwenda juu, mkono wa breki na mkono wa gia vinakaa pamoja, na waya wa gia unapita chini ya utepe.

Tofauti ya Claris na 105 ninaihisi mkononi. 105 inabofya kwa wepesi zaidi, na meno yake yamekaribiana, kwa hiyo mguu hauruki sana kati ya gia moja na nyingine. Ni raha, sikatai. Ila mlimani kinachokupandisha ni uwiano wa meno, na uwiano haujui jina la kampuni. Ile nyekundu yangu ilikuwa na meno 39 kwenye sahani ndogo ya mbele na 25 kwenye gia kubwa ya nyuma. Nikizungusha pedali mara 60 kwa dakika katika gia hiyo nyepesi kuliko zote, inanilazimu niende karibu kilomita 12 kwa saa. Kwenye mlima mkali sikuwa na nguvu hiyo, basi nikawa nasaga pedali taratibu, nimesimama, goti linalia. Baiskeli ninayoendesha sasa ni Claris, 34 mbele na 32 nyuma. Kwa mizunguko ile ile 60 naenda kilomita 8 hivi kwa saa, nimekaa, napumua, nafika juu. Na upande wa pili, 50 kwa 11 katika mizunguko 90 ni kama kilomita 52 kwa saa. Sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo kwenye tambarare.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "ina gia ngapi," hesabu meno ya sahani ndogo ya mbele na ya gia kubwa ya nyuma. Zikikaribiana, milima itakuwa rafiki.

Kitu kingine ninachokipenda kwenye gia 8 ni gharama ya kuishi nazo. Cheni yake ina upana wa milimita 7 hivi, ya gia 11 ni kama 5.5. Inavumilia vumbi, inavumilia marekebisho yasiyo kamili, na ikifika wakati wa kubadilisha haikuumizi. Kihamisha cheni cha nyuma cha Claris na cha Sora ya gia 9 vinavutwa na waya kwa uwiano mmoja, hivyo kimoja kikivunjika unaweza kufunga kingine na baiskeli ikaendelea. Tiagra ya gia 10 aina ya 4700 haimo kwenye undugu huo. Wengi wamenunua kipande cha zamani cha gia 10 wakidhani kitakubaliana nayo, kikakataa.

Nimeipanda hii Claris miaka minne, kilomita elfu ishirini na kidogo. Cheni tano, kaseti mbili. Fremu ni ya alumini, saizi 52, ina uzito wa kilo 10.2 ikiwa na pedali.

Uzito. Watu huibeba baiskeli kwa vidole viwili dukani wakaamua hapo hapo. UCI, shirikisho la dunia la mchezo huu, haliruhusu baiskeli ya mashindano iliyo chini ya kilo 6.8, na kuna watu wanalipa hela nyingi kuukaribia mpaka huo. Mimi nina kilo 64. Nikijumlisha baiskeli, maji na nguo, nasukuma kama kilo 77. Nikiondoa kilo moja nimepunguza asilimia 1.3. Mlima unaonichukua dakika 20 utanipunguzia sekunde 15 hivi. Kwa anayeshindana, sekunde 15 ni medali. Kwangu, hela ya kilo hiyo moja inanunua matairi mazuri ya miaka kadhaa.

Na matairi ndiyo mahali ambapo singependa mtu abane hela hata kidogo. Baiskeli nyingi za bei nafuu huja na matairi magumu, mazito, yenye waya wa chuma ukingoni. Siku niliyoyavua na kuweka tairi laini la milimita 28, barabara ile ile niliyoizoea ilinyamaza. Mitetemo iliyokuwa inapanda mpaka mabegani ikaishia kwenye mpira. Zamani kila mtu alikimbilia milimita 23 na upepo mpaka jiwe. Siku hizi hata washindani wakubwa wanatumia 28 na zaidi, kwa sababu kwenye lami isiyo laini tairi gumu linaruka juu ya kila punje na kila mruko unakula nguvu. Mimi naweka upepo wa psi 65 (kipimo cha mgandamizo) mbele na 70 nyuma. Mzito kuliko mimi aongeze. Lakini 28 lazima ipate pa kupita, ndiyo maana kwenye fremu nachungulia nafasi kati ya tairi na uma, kati ya tairi na breki, na nyuma pale mabomba mawili yanapobana gurudumu. Fremu inayokubali 32 ndiyo ningeichagua nikipata.

Breki nitasema kwa ufupi. Breki za rimu zenye mikono miwili imara na raba nzuri zinatosha, ni nyepesi, na ukiharibikiwa njiani unazirekebisha kwa alenki moja, ule ufunguo wa pembe sita. Kwenye mvua zinachelewa kushika na zinakula rimu. Diski za mafuta ni nzuri sana. Zile za bei ya chini zinazovutwa na waya, na ambazo padi moja tu ndiyo inasogea, mimi ningeziacha nikachukua breki nzuri za rimu.

Picha ya pili ya mpwa wangu ilikuwa mpya kuliko zote na inang'aa, lakini niliitilia shaka kwenye gurudumu la nyuma. Nikamwomba anitumie video fupi: azungushe gia za nyuma kinyumenyume huku kamera imeielekea gia ndogo ya mwisho. Kwenye gurudumu la kaseti, ile pete yenye mikunjo ya kufungulia inazunguka pamoja na meno. Kwenye friwili, mfumo wa zamani, meno yanazunguka na sehemu ya kufungulia imesimama. Ya kwake ilisimama. Nikamwonyesha pia kwamba gia ndogo ina meno 14, kama friwili nyingi. Friwili inafungwa kwa skrubu juu ya habu, kitovu cha gurudumu, na kwa hiyo gololi za upande wa kulia zinabaki ndani, mbali na ncha ya ekseli. Ekseli ikibeba uzito bila mhimili karibu, inapinda, na mwishowe inakatika. Shimano walitoa habu yenye mfumo wa kaseti mwaka 1978, gololi zikasogea nje karibu na ncha, na tatizo hilo likapungua sana. Baiskeli ya barabarani inayouzwa leo ikiwa na friwili, ukitaka kupanda ngazi utanunua gurudumu zima la nyuma. Tukaiondoa.

Ya kwanza, yenye 105, ilikuwa saizi 58. Vipimo vyake vilipatikana kwenye jedwali la kampuni. Sentimita 83 za mguu wake, maana alikubali mwishowe kupimwa, hazikuifaa, ilikuwa kubwa mno. Aliniuliza mara tatu kama stemu fupi haiwezi kusaidia. Nikamsimulia vidole vyangu viwili.

Ikabaki ya tatu. Saizi 54, alumini, uma wa kaboni, Sora, rangi ya samawati iliyochunika chunika. Jumamosi tukaenda pamoja kuitazama. Muuzaji alikuwa mama mmoja, baiskeli ya kijana wake aliyehama. Tulimwamkia, tukaomba ruhusa ya kuikagua bila haraka, akatuletea hadi viti.

Nilianza na bomba la chini, nyuma tu ya shingo. Hapo ndipo baiskeli iliyogonga kwa mbele inaposema ukweli. Bomba likibonyea, rangi hufanya mawimbi madogo ambayo jicho linayapita lakini kidole hakiyapiti. Nikafumba macho, nikapitisha ncha ya kidole cha shahada taratibu kutoka kwenye weldi kushuka, juu, chini na pembeni. Laini. Nikamshika mpwa wangu mkono naye akapitisha chake. Kisha tochi kwenye uma, pale miguu miwili inapokutana, tukitafuta ufa. Hakuna. Nikainua mbele, nikaacha usukani ugeuke wenyewe kushoto na kulia: haukukwama katikati, kwa hiyo gololi za shingo hazijachimba vikombe vyake. Nikashika breki ya mbele nikaisukuma mbele na nyuma, hakuna kugongagonga.

Nguzo ya kiti ndiyo niliyoiogopa zaidi, kwa sababu ikiachwa miaka bila grisi inashikana na fremu kwa kutu, na mafundi huikata kwa msumeno. Nikalegeza bolti kwa alenki, nikakikamata kiti kwa mikono miwili, nikazungusha. Ikagoma, ikatoa mlio mkavu, kisha ikageuka. Nikaivuta sentimita mbili na kuirudisha.

Rimu niliziwekea rula kwenye sehemu inayosuguliwa na raba. Rimu iliyokwisha inakuwa na bonde, na mwanga unapenya chini ya rula. Hizi zilikuwa tambarare. Gurudumu la nyuma liliyumba kidogo upande mmoja, spoku mbili zimelegea, jambo la nusu saa kwa fundi. Mwisho cheni. Rula ya inchi, sifuri katikati ya pini moja, halafu unatazama pini iliyo karibu na inchi 12. Cheni mpya inagonga 12 kamili. Ikipita kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, ni wakati wa kubadilisha. Hii ilikuwa imepita kwa karibu sehemu ya nane, maana yake imekwisha kuyala na meno ya kaseti. Nilimwonyesha mama yule rula, nikamweleza bila kuficha kwamba fremu ni nzima na vitu hivi viwili havifai tena. Akapunguza bei kwa kiasi cha vitu hivyo, kwa moyo mweupe.

Hela iliyookolewa ilikwenda kwenye cheni, kaseti ya meno 11 hadi 32 na matairi mawili ya milimita 28. Tairi la zamani lilikuwa 25 na pande zote za uma kulikuwa na milimita sita, kwa hiyo lilipita vizuri. Tulifunga vitu hivyo uani jioni, yeye akishika, mimi nikielekeza, na kiti tukakiweka sentimita 73.3 kutoka kwenye krenki.

Jana alinipigia simu akiwa amesimama mahali, anahema. Alikuwa amemaliza kilomita 46, safari yake ndefu kuliko zote. Nikamuuliza vidole. Vizima. Shingo? Nzima. Akasema mapaja yanawaka kwa mbele na anahisi magoti hayanyooki vya kutosha, je, akishushe kiti?

"Kipandishe," nikamwambia. "Milimita tano. Kisha uende kilomita kumi uniambie."